Ngurumo ya Mbali: Utulivu, Mahali na Mandhari ya Sauti kwa Msikilizaji wa Siongiroi

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kushika neno. Hata unaposhughulikia wimbo, kwa kawaida huyachopoa maneno kutoka katika sauti, huyaandika, kisha huyachambua kana kwamba yalizaliwa karatasini. Mahadhi, ala, mvua juu ya paa la mabati na kicheko cha hadhira huachiwa wanamuziki na wanaanthropolojia. Mazoea hayo yana sababu zake, lakini humwacha mhakiki mikono mitupu mbele ya aina ya sanaa ambayo wasanii wa Afrika Mashariki wameikuza kwa kasi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020. Hii ni sanaa ya sauti tulivu: piano au ala nyingine hupigwa polepole, sauti za mahali halisi zilizorekodiwa husukwa pamoja nayo, na maneno, yakiwapo, huwa machache na huja kama wapita njia.

Makala haya yanajadili sanaa hiyo kupitia peace places: kenyan memories, mkusanyo mfupi wa mtunzi wa Kenya Nyokabi Kariũki uliotolewa mwaka 2022. Anwani yake ina maana ya mahali pa amani na kumbukumbu za Kenya. Kazi hiyo inalinganishwa na rekodi za nyimbo za Wakipsigis zilizofanywa mwaka 1950 katika wilaya ya Kericho ya wakati huo. Hoja kuu ni kwamba utulivu katika kazi za namna hii si sifa ya sauti peke yake. Ni matokeo ya umbali uliopo baina ya msikilizaji na mahali panaposikika. Kwa hiyo thamani ya kazi haipimwi kwa kiasi cha utulivu inaouleta, bali kwa namna inavyoukiri au inavyouficha umbali huo.

Kituo cha usikilizaji kilichochaguliwa ni Siongiroi, katika Chepalungu, kaunti ya Bomet. Uteuzi huo si wa kubahatisha. Nyanda za Kericho na Bomet hujulikana ulimwenguni kwa picha moja: vilima vya kijani kibichi vilivyokatwa sawasawa kama zulia, ukungu wa asubuhi, na kimya. Picha hiyo imepamba kalenda na paketi za majani ya chai kwa miongo mingi. Siongiroi iko pembezoni mwa picha hiyo, ambako mashamba ya chai hupungua na nafasi yake huchukuliwa na mahindi na ng'ombe wa maziwa. Asubuhi ya huko ina mlio wa mitungi ya maziwa inayopelekwa kupozwa, pikipiki zinazopanda kilima na redio ya Kikalenjin dukani. Mtu anayesikiliza akiwa hapo anaijua picha ya utulivu, na vilevile anaujua upande wake wa nyuma.

2.0 Asili ya Dhana

Wazo la muziki unaokaa kando ya shughuli badala ya kuitawala si geni. Mfaransa Erik Satie alitunga vipande vyake vya kwanza vya kile alichokiita muziki wa samani mwaka 1917, akikusudia usikike chumbani kama vile kiti kinavyoonekana chumbani. Mwaka 1978 Mwingereza Brian Eno, ambaye jina lake lilikuwa limejengwa katika bendi ya roki, alitoa Music for Airports na kuupa muziki wa namna hiyo jina na nadharia. Sharti lake lilikuwa kwamba muziki huo uweze kupuuzwa bila kuharibika, na uweze kusikilizwa kwa makini bila kuchosha. Mwaka mmoja kabla yake, Mkanada R. Murray Schafer alikuwa amechapisha The Tuning of the World, kitabu kilichoeneza dhana ya mandhari ya sauti. Kwa Schafer, kila mahali pana mpangilio wake wa sauti, na mpangilio huo hueleza jinsi watu wanavyoishi hapo.

Mikondo hii miwili huchanganywa mara nyingi, ilhali inapingana. Mkondo wa Satie na Eno huiondoa sauti mahali pake ili iweze kukaa popote. Mkondo wa Schafer hudai kwamba sauti isiyo na mahali haijaeleweka. Utungo wa piano tulivu uliochanganywa na sauti zilizorekodiwa shambani au ufukweni huzaliwa katikati ya madai hayo mawili. Unataka kuwa samani na kuwa ushahidi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo palipo na kazi ya mhakiki.

3.0 Chombo cha Uhakiki

Nadharia ya fasihi simulizi ya Kiswahili tayari ina chombo kinachofaa. Katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi aliiona fasihi hiyo kuwa tukio linalofungamana na muktadha fulani wa kijamii, akataja vipengele vinavyokutana katika tukio hilo: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Manufaa ya mtazamo huo ni kwamba hauanzi na maneno. Unaanza na makutano ya watu na mahali kwa wakati mmoja.

Chombo hicho kikitumiwa kwa utungo wa sauti tulivu, jambo moja hudhihirika mara moja. Rekodi huvitawanya vipengele hivyo. Fanani yuko studio. Mahali ni shamba la mwaka jana. Wakati ni usiku wa msikilizaji. Hadhira ni mtu mmoja mwenye vipokea sauti masikioni, pengine amelala. Utulivu unaosifiwa hutokana kwa sehemu kubwa na mtawanyiko huo. Hakuna anayemdai msikilizaji jibu. Katika ngano, hadhira isiyoitikia humvunja fanani moyo. Katika mandhari ya sauti, hadhira isiyoitikia ndiyo hadhira iliyokusudiwa.

Swali basi si kama utungo huo ni fasihi au la. Swali ni kama kazi yenyewe inamsaidia msikilizaji kuvikusanya upya vipengele vilivyotawanyika, ama inamzuia.

4.0 Ngurumo Mbili

Elimu ya jadi ya eneo hili ina fumbo linalolifafanua suala hilo kuliko nadharia ya kigeni. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 juu ya Wanandi, ambao ni ndugu wa Wakipsigis kwa lugha na desturi, aliandika kwamba walizungumza juu ya ngurumo mbili: Ilet ne mie, ngurumo njema, na Ilet ne ya, ngurumo mbaya. Radi inayopasua karibu ni ile mbaya, inayotaka kuwashukia watu na kuwaangamiza. Mvumo unaosikika mbali ni ile njema, inayoizuia mbaya isifike.

Katika fumbo hilo, kinachotofautisha wema na ubaya wa sauti ni umbali. Anga ni moja na dhoruba ni moja. Sikio ndilo lililosimama mahali tofauti. Nyanda za Kericho zinaijua maana ya jambo hili kwa gharama, kwa kuwa ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa mno na mvua ya mawe, ambayo huweza kuyachana majani ya chai kwa dakika chache. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilitumwa kuyapulizia mawingu kemikali ili kuyapunguza madhara hayo. Mgeni aliyeketi barazani na kikombe mkononi husikia ngurumo ya alasiri kama burudani. Mwenye vichaka vya chai huisikia kama hesabu ya mwisho wa mwezi.

5.0 Mahali pa Amani

Nyokabi Kariũki alisomea utunzi katika Chuo Kikuu cha New York, na peace places ni kazi yake fupi ya kwanza kutolewa chini ya jina lake. Ndani yake sauti zilizorekodiwa katika sehemu mbalimbali za Kenya zimeunganishwa na ala pamoja na sauti ya binadamu inayopita katika lugha zaidi ya moja, Kiswahili kikiwamo. Kinachostahili kuangaliwa kwanza ni anwani za vipande. “Equator Song” inataja mstari wa ikweta. “Galu” ni jina la ufukwe wa Kwale, kusini mwa Mombasa. “A Walk Through My Cũcũ's Farm” ni matembezi katika shamba la nyanya, na nyanya huyo anaitwa kwa neno la Kikuyu ambalo halikufasiriwa. “home piano” ni piano ya nyumbani. “Ngurumo, or Feeding Goats Mangoes” huweka pamoja radi na tendo la kuwalisha mbuzi maembe.

Anwani katika kazi isiyo na maneno mengi hubeba mzigo ambao katika shairi hubebwa na beti nzima. Anwani hizi zinafanya kazi mbili. Kwanza, zinakirudisha kipengele cha mahali. Msikilizaji wa mbali asiyewahi kufika Kwale analazimika kujua kwamba mawimbi anayoyasikia si bahari ya kila mtu; yana jina, na jina hilo lina wenyewe. Pili, zinamrudisha fanani. Kivumishi cha umiliki katika “shamba la nyanya yangu” na neno “nyumbani” vinakiri kwamba amani inayotolewa ina mwenyewe na ina upande. Kumbukumbu ni ya mtu fulani, aliyesimama mahali fulani, kwa wakati ambao umekwisha kupita.

Piano ina nafasi ya pekee katika mpango huu. Katika muziki mwingi wa utulivu unaouzwa duniani, piano hutumiwa kama ala isiyo na kwao: haimkumbushi msikilizaji nchi yoyote, na ndiyo maana hupendwa. Kwa kuiita “piano ya nyumbani”, Kariũki anaiondolea sifa hiyo. Piano inakuwa chombo cha sebuleni, chenye historia ya nani katika Kenya amewahi kuwa na piano na nani hakuwa nayo. Kwa msikilizaji wa Siongiroi, anayekijua kinanda zaidi kupitia kanisa na rekodi za waimbaji wa Kikalenjin, ala hiyo haiko nje ya jamii wala haiko katikati ya kila nyumba. Ni alama ya tabaka, na mtunzi hakuificha.

Hata hivyo, sikio la Siongiroi linaweza pia kuidai kazi hii deni. Mahali palipochaguliwa, kwa kadiri anwani zinavyoonyesha, ni mahali pa kupumzikia: ufukwe, nyumbani, shamba la nyanya linalotembelewa. Neno “matembezi” lenyewe linasema mengi. Mjukuu hutembea shambani, nyanya hulima. Sauti za shamba ambazo kwa anayepita ni amani, kwa anayebaki ni kazi: ng'ombe anayelia anataka kukamuliwa, na kimya cha kuku huenda kikawa mwewe. Kwa istilahi za Mulokozi, mahali pamerudishwa lakini tukio halikurudishwa kikamilifu. Mkusanyo huu umesimama upande wa ngurumo njema na hauuvuki mpaka wake.

Tathmini hiyo ingekuwa hukumu kama mtunzi angeishia hapo. Mwaka 2023 alitoa FEELING BODY, kazi inayotokana na ugonjwa uliomkalia kwa muda mrefu baada ya kuambukizwa UVIKO-19. Hapo mahali panaposikika ni mwili wenyewe, na hakuna umbali wa kujikinga nao. Kazi hizi mbili zikisomwa pamoja, zinakuwa kama jozi ya Ilet. Utulivu wa 2022 unapata uzito zaidi baada ya 2023, kwa sababu unaonekana kuwa kitu kinachoweza kupotea.

6.0 Sauti Iliyochukuliwa na Sauti Iliyopokewa

Ili kupima jambo linalotokea umbali unapofichwa, inafaa kurejea mwaka 1950. Mwaka huo Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet nyimbo kadhaa za Wakipsigis, zikiwamo zile zinazoitwa “Chemirocha”. Ile mashuhuri zaidi iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, ikisindikizwa na chepkong', kinubi cha Wakipsigis ambacho ni ndugu wa nyatiti ya Waluo. Jina Chemirocha ni matamshi ya Kikipsigis ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika eneo hilo. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimfikiria Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu na nusu paa, na wimbo wao ulimwalika aje kucheza.

Rekodi hiyo ilisafiri mbali. Kwa wasikilizaji wengi wa nje wasiojua lugha, imekuwa sauti tamu ya mbali, laini, yenye kutuliza. Mzaha uliomo ndani ya mwaliko haukusafiri nayo. Wala hali ya nchi haikusafiri. Wimbo ulirekodiwa katika wilaya ambayo sehemu ya ardhi yake ilikuwa imetwaliwa na kugawiwa walowezi na makampuni ya chai, na ambayo tangu mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamishia ukoo wa Talai huko Gwassi kwa sheria iliyotungwa mahsusi kwa ajili hiyo. Wimbo hautaji mambo hayo, wala haukulazimika kuyataja. Lakini utulivu ambao msikilizaji wa mbali huupata ndani yake unatokana na kutosikia, na kutosikia huko kulianza pale vipengele vya tukio vilipoachwa Kapkatet na fani pekee ikachukuliwa.

Kuna upande wa pili wa kisa hiki, na ndio wenye mafunzo zaidi. Kabla ya wao kurekodiwa, Wakipsigis nao walikuwa wasikilizaji wa sauti ya mbali. Walisikia kutoka katika gramafoni sauti ya mtu wasiyemjua, katika lugha ambayo wengi wao hawakuijua, ikifuatana na ala isiyo yao. Wangeweza kuiacha iwe samani. Badala yake waliipa jina linalotamkika kwa ulimi wao, wakaipa mwili, wakaipa miguu ya paa, kisha wakaialika uwanjani. Waliurudisha uhai wa tukio palipokuwa na sahani inayozunguka tu. Kwa maana hiyo, wasichana wa Kapkatet walikuwa wahakiki wa kwanza wa sauti isiyo na mahali katika nchi ya chai, na mbinu yao ilikuwa kinyume cha ile ya msikilizaji anayelala: waliitikia.

Miaka zaidi ya sitini baadaye, taasisi ya muziki wa Afrika aliyoiasisi Tracey mwaka 1954 ilishirikiana na wanamuziki na watafiti wa Kenya kuzirudisha rekodi hizo kwa Wakipsigis. Hatua hiyo ilikuwa ya kihakiki kama ilivyokuwa ya kiutawala, kwani iliirudishia fani hadhira inayoielewa. Swali kama hilo linashughulikiwa kwa njia ya kisanaa na Joseph Kamaru, anayejulikana kwa jina la kazi la KMRU, mjukuu wa mwimbaji wa Kikuyu mwenye jina hilo hilo aliyefariki mwaka 2018. Katika Temporary Stored ya mwaka 2022, alitumia rekodi zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na kuzisuka upya. Msikilizaji hapewi faraja ya kudhani kwamba yuko Afrika. Anasikia kwamba yuko ghalani, mbele ya vitu vilivyochukuliwa. Hapo umbali wenyewe umefanywa kuwa maudhui.

7.0 Pingamizi

Huenda ikadaiwa kwamba mtazamo huu unaunyima muziki haki ya kutokuwa na maana, na unamnyima mchovu haki ya kupumzika. Pingamizi hilo lina nguvu. Mchuma chai aliyerudi nyumbani jioni ana haki ya kusikiliza piano bila kukumbushwa historia ya ardhi. Isitoshe, pwani ya Waswahili imekuwa na muziki usio na maneno kwa muda mrefu: katika taarabu ya Unguja, ambako Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, bashrafu hupigwa kwa ala tupu kabla ya nyimbo, na hakuna anayeidai hoja.

Lakini mfano wa bashrafu unaunga mkono hoja ya makala haya. Bashrafu haina maneno, ila ina mahali pake katika tukio. Hadhira inajua kwamba ukumbi unaandaliwa, kwamba waimbaji wanakuja, kwamba baada ya ala yatafuata maneno ambayo huenda yakamgusa mtu aliyeketi hapo hapo. Utulivu wake ni sehemu ya makutano ya watu. Ukosefu wa maneno hauondoi muktadha. Kinachouondoa ni kukata kamba iliyoifunga sauti na watu wake. Ama haki ya kupumzika, haina budi kutofautishwa na haki ya kusahau. Mtu hupumzika vyema zaidi anapojua amepumzika kutokana na nini.

Suala hilo si la nadharia tupu. Mwezi Mei 2023 mashine za kuchumia chai ziliteketezwa moto huko Kericho katika maandamano ya watu waliohofia riziki yao. Kwa miongo mingi mandhari ya sauti ya mashamba hayo ilikuwa mikono inayokwanyua majani na mazungumzo ya wachumaji baina ya mistari. Mashine inapoingia, mazungumzo hayo hukoma. Mtu anayeyapiga picha mashamba kutoka juu hataona tofauti: kijani ni kile kile. Ni sikio litakalogundua kwamba watu wameondoka. Sanaa inayojifunza kusikiliza mahali inaweza kuwa shahidi wa mabadiliko ya namna hiyo, ilimradi isikubali kuwa pambo la kijani hicho.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mandhari ya sauti tulivu yanaweza kuhakikiwa kwa vyombo ambavyo taaluma ya fasihi ya Kiswahili tayari inavyo. Yanapochunguzwa kwa vipengele vya tukio la fasihi simulizi, utulivu wake hubainika kuwa uhusiano wa umbali. Kazi inayouficha uhusiano huo hugeuka samani. Kazi inayoukiri, kwa jina la mahali, kwa lugha isiyofasiriwa, au kwa kuionyesha ghala ilikotoka sauti, humpa msikilizaji nafasi ya kujiuliza amesimama wapi.

Kwa kipimo hicho, peace places ni kazi yenye mafanikio na yenye mpaka. Imefaulu kwa kuitia amani sahihi ya mwenyewe. Mpaka wake ni kwamba inaikaribisha ngurumo ya mbali na kuiacha ya karibu nje ya mlango, hadi FEELING BODY ilipoufungua. Kazi inayosubiriwa bado ni ile ambayo ngurumo zote mbili zitasikika ndani ya utungo mmoja: piano ya sebuleni na mtungi wa maziwa wa Siongiroi, matembezi ya mjukuu na jembe la nyanya. Wanafunzi wa fasihi wanaotoka katika nyanda hizi wana faida ambayo haipatikani maktabani, kwa kuwa wanaweza kutambua kwa sikio ni ipi iliyo karibu.